Mjomba ananisifu kwa hesabu niliyokosea

Mama,

Mimi ni binti wa miaka 27, natunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi hapa Arua, Uganda. Duka ni la mjomba wangu, kaka wa mama yangu mzazi. Baba alipofariki, mjomba ndiye aliyenilipia karo ya diploma ya uhasibu Kampala, na mpaka leo ndiye anayemsomesha mdogo wangu sekondari. Mama yangu anaishi kwenye boma lake. Nayataja haya mapema ili ujue nimesimama wapi.

Tunauza simenti, mabati, nondo, misumari na rangi. Bei zote dukani zinatajwa zikiwa na VAT ndani, ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kwa maana mteja wa hapa ukimtajia bei halafu ukamwongezea kodi akishafika kwa keshia, anakuachia mzigo kaunta na kwenda zake. Tuna pia wauzaji watatu wanaotoka na lori kwenda Koboko, Yumbe na Rhino Camp. Mshahara wao ni mdogo. Wanaishi kwa kamisheni, na makubaliano yao na mjomba ni asilimia 4 ya mauzo kabla ya kodi.

Mwisho wa mwezi nachukua jumla ya kila mmoja, naondoa kodi, kisha napiga asilimia 4 ya kinachobaki. Wiki yangu ya kwanza kazini niliandika kanuni kwenye Excel: jumla mara asilimia 18, hiyo ndiyo kodi, ikitoka, kilichobaki ndiyo bei kabla ya kodi. Sikuigusa tena kwa miezi 20.

Mwezi uliopita, siku ya malipo, mmoja wa wauzaji alikaa mbele ya meza yangu. Nimwite Baba Amina. Ni mtu wa umri wa marehemu baba yangu. Ana tabia ya kuhifadhi risiti zake zote kwenye mfuko wa nailoni, na siku hiyo akatoa moja, ya shilingi 1,180,000, akailaza juu ya karatasi yangu. Akasema, kwa upole kabisa, "Binti, karatasi ya mashine inasema kodi ni 180,000. Yako inasema 212,400. Tushike ipi?"

Mama, nilimjibu mbele ya wenzake na mbele ya wateja wawili: "Baba Amina, wewe uliishia darasa la saba. Uhasibu hausomwi kwenye risiti." Watu wakacheka. Na yeye akacheka kidogo, akakunja risiti yake, akasaini, akaondoka.

Usiku nikafungua kompyuta. Nikachukua 967,600 yangu, ile niliyokuwa naiita bei kabla ya kodi, nikaiongezea asilimia 18. Ikaja 1,141,768. Haikurudi kwenye 1,180,000. Nikajaribu na 1,000,000: ikarudi bila kupungua hata shilingi. Tumbo likageuka maji.

Baba Amina kwa mwezi wa kawaida anauza shilingi 47,200,000, kodi ikiwa ndani. Kamisheni yake ingekuwa 1,600,000. Mimi nimekuwa nikimlipa 1,548,160. Ni 51,840 kila mwezi, na kwa miezi 20 imepita milioni moja. Wenzake wawili nao wana hesabu zao. Mmoja wao aliondoka baada ya miezi minane akisema kazi hii hailipi. Siku hizi anaendesha boda boda Koboko.

Kuna jingine. Mjomba aliniagiza kodi yote ya mwezi iwekwe kwenye akaunti iliyotengwa kwa ajili hiyo tu, isiguswe. Kila nikishalipa URA, yaani mamlaka ya mapato, pesa inabaki. Nilijiambia inabaki kwa sababu tunakata kodi ambayo sisi wenyewe tumelipa tuliponunua mzigo Kampala. Kwa sehemu kubwa ni kweli, lakini sehemu nyingine ilikuwa kosa langu. Mjomba akiona akaunti imenona ananisifu mbele ya wageni: "Tangu huyu binti aje, kodi haijawahi kunishtua." Kutoka akaunti hiyo alinunua kiwanja.

Na la tatu. Mashirika yanayohudumia wakimbizi hutaka tuandike bei kabla ya kodi, halafu kodi kwenye mstari wake. Bei hizo nazipiga mimi. Mzigo ambao dukani ni 1,180,000, wao nimewaandikia 967,600, nikaongeza kodi, wakalipa 1,141,768. Kila mzigo wa namna hiyo nimempotezea mjomba shilingi 38,232.

Mama yangu nimemweleza. Anasema: "Nyamaza. Rekebisha hiyo kanuni mwezi huu, Mungu anajua hukukusudia. Ukimwambia kaka yangu, mdogo wako atasoma wapi?" Rafiki niliyesoma naye anasema niwaandikie wote barua nikiri kila kitu, nisije nikaitwa mwizi baadaye. Naogopa mjomba. Naogopa URA pia, sijui kama watakuja. Baba Amina hajalitaja tena jambo hili. Kila asubuhi ananisalimu kama kawaida, na hilo ndilo linaloniua.

Siku ya malipo ni baada ya siku tisa. Nifanye nini?

Mtunza vitabu, Arua

*

Binti yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa na kalamu mkononi, nikazirudia hesabu zako moja moja, na zimesimama. Moja tu nitaigusa huko mbele, maana inabadilisha kidogo picha ya nani anamdai nani.

Kwanza nikurudishie ulichoniambia, nione kama nimekusikia. Ulikosea mahali pamoja, kwenye mstari mmoja, wiki ya kwanza ya kazi. Kosa likajitawanya pande tatu: wauzaji wakapungukiwa, akaunti ya kodi ikavimba, bei za mashirika zikashuka. Halafu mtu mzima akakuonyesha, ukamwaibisha mbele za watu. Sasa kila njia unayoiona ina mtu wa kuumia, na watu wenyewe ni wa nyumbani. Nimekosea?

Kabla ya watu, tumalizane na hesabu, kwa sababu naona unajisema kama mtu aliyefanya jambo la ajabu. Si la ajabu hata kidogo. Fikiria mwanamke sokoni anayechanganya unga: vikombe 100 vya muhogo, vikombe 18 vya ulezi. Unanunua rundo lote, vikombe 118. Ukitaka kujua ulezi uliomo ni kiasi gani, ukachota 18 katika kila 100 za mchanganyiko, utatoa vikombe 21 na zaidi, na muhogo wa watu umeubeba humo humo. Zile 18 zilipimwa kwa muhogo peke yake, kabla ya kuchanganywa. Ndivyo kodi yetu ilivyo. Inahesabiwa juu ya bei ya bidhaa, siyo juu ya jumla. Mwenye jumla mkononi anaigawa kwa 1.18 apate bei kabla ya kodi. Akitaka kodi moja kwa moja, anachukua jumla, anazidisha kwa 9, anagawa kwa 59. Jaribu kwenye ile 1,180,000 uone.

Na kinachofanya kosa hili liishi miaka ni kwamba halijigongi popote. Kodi yako na bei yako vikijumlishwa vinarudi kwenye jumla vizuri tu, 212,400 na 967,600, nani atashtuka? Mpaka mtu achukue ile bei aiongezee asilimia 18 upya, kama ulivyofanya usiku ule.

Nikuambie siri. VAT ilipoingia Uganda Julai 1996 ilikuwa asilimia 17. Kampala wenye maduka walifunga milango kwa hasira. Mimi nilikuwa karani wa duka la jumla la vitambaa Jinja, na hasira yangu ilikuwa ndogo kuliko uvivu wangu. Nilikuwa natoa 17 kwenye kila 100 ya jumla. Aliyenikamata alikuwa karani wa duka jirani, kijana mdogo kwangu, tena mbele ya bosi. Kiwango kilipopanda kuwa 18 mwaka 2005 nilishaacha kazi ile, lakini kila nikipita mbele ya duka lenye kalkuleta kaunta, ule moto uliowaka usoni naukumbuka. Kwa hiyo unapoandika kwa aibu namna ile, nakujua.

Sasa ile hesabu ya kugusa. Unasema kila mzigo wa shirika umempotezea mjomba 38,232. Hiyo ni tofauti ya pesa aliyotoa mteja. Lakini ndani yake 5,832 ilikuwa kodi, ambayo hata ingelipwa ingekwenda URA. Shimo la mjomba mwenyewe ni 32,400. Upande wa pili, mzigo wa thamani hiyo hiyo ukiuzwa na Baba Amina, alichopungukiwa ni 1,296. Umeona? Mzigo kwa mzigo, mjomba kwenye mashirika anapoteza mara 25 ya kile anachobakiza kwa wauzaji. Barua yako inamchora kama mtu aliyefaidi jasho la wengine bila kujua, akanunua kiwanja. Inawezekana, kama mauzo ya mashirika ni haba. Lakini kama ni mengi, huenda aliyeumia kuliko wote ni yeye anayekusifu. Sijui ni ipi. Wewe una vitabu. Naona hujapiga hesabu ya upande huo mpaka mwisho, na nashangaa ni kwa nini. Pengine ni kwa sababu ya wauzaji inauma zaidi moyoni, na ya mjomba inatisha zaidi.

Tena usisahau kwamba bei hizo za chini huenda ndizo zilizowapa ninyi baadhi ya zabuni. Zikipanda kesho kurudi mahali pake, mjomba atauliza. Swali hilo litakuja hata ukinyamaza, na huenda likatoka kinywani mwa afisa manunuzi wa shirika kabla ya kinywani mwako.

Kuhusu kiwanja na akaunti, tulia kidogo. Pesa iliyobaki humo baada ya URA kulipwa haki yao ilikuwa ya duka. Kwa sehemu ni kodi mliyolipa mkinunua mzigo, ambayo sheria inawaruhusu kuikata. Kwa sehemu ni mauzo ya kawaida uliyoyatenga kwa jina lisilo lake. Humo ndani kipande chembamba tu ndicho cha wauzaji. Kwa mauzo yote ya Baba Amina ulikuwa unatenga 1,296,000 ya ziada kila mwezi, na yake humo ni 51,840. Kiwanja hakikununuliwa kwa pesa ya wizi. Kilinunuliwa na mtu aliyedhani ana akiba kubwa kuliko faida yake, na hilo ni tatizo la namna nyingine.

URA nao. Wewe mwenyewe umenipa jibu, ila hukuliona: risiti ya Baba Amina. Karatasi ile imetoka EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, na mfumo ule ndio unaopiga kodi, ukaandika 180,000 pale pale. Ritani yenu ya kila mwezi, ile taarifa ya kodi mnayopeleka URA kufikia tarehe 15, kama imefuata ankara za EFRIS, basi kodi iliyokwenda ni sahihi, na kosa limebaki ndani ya Excel yako. Za mashirika vilevile, kodi iliyoandikwa ndiyo iliyolingana na bei iliyolipwa. Lakini sema "kama". Kaa na mshauri wa kodi aliyesajiliwa, linganisha miezi miwili mitatu ya ritani na ankara kwa macho, usiende kwa dhana. Na kama itaonekana kuna mahali ritani zilijazwa kutoka kwenye karatasi zako badala ya ankara, afadhali mlijue ninyi kwanza, mkasahihishe wenyewe kabla ya kuulizwa. Wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka Aprili 2024 kwa sababu ya EFRIS, nilielewa kilio chao, maana mfumo ule una usumbufu wake. Kwako wewe, hata hivyo, umekuwa shahidi mwema. Ulikuwa unakuambia ukweli kila siku kwa miezi 20, na wewe ukizifungia karatasi zake kwenye faili jingine.

Jambo moja la kazi kabla hujagusa kanuni. Ukiifuta ya zamani ukaweka "gawa kwa 1.18" kwa kila kitu, unaweza kuingia kosa la pili. Mna wateja wa Ariwara, ng'ambo Kongo, wanaovusha mzigo mpakani Vurra? Mzigo unaotoka nchini kwa hati za forodha kodi yake ni asilimia sifuri. Jumla yake haina VAT ndani, hakuna cha kugawa. Kama yumo muuzaji aliyehesabiwa mauzo ya namna hiyo, huyo ulimkata 18 yote bure, na deni lake ni kubwa kuliko ulivyodhani. Zitenge jumla kwanza, yenye kodi huku, isiyo na kodi kule. Nimeona watu wakisahihisha kosa kwa haraka ya aibu wakazalisha lingine, na la pili halisameheki kirahisi.

Haya. Watu.

Mama yako anasema nyamaza. Simlaumu, anasema kama mtu anayelala kwenye boma la kaka yake na mwenye mtoto shuleni. Njia yake ina faida moja ya kweli: kuanzia mwezi huu wauzaji watalipwa sawa, na hakuna kelele. Lakini tazama kinachofuata. Baba Amina ana mfuko wa risiti. Siku ya malipo ataona kodi kwenye karatasi yako imekuwa 180,000 kama ya mashine. Ataelewa mara moja kwamba alikuwa sahihi, kwamba umejua, na kwamba umeamua kukaa kimya. Leo kosa lako halina nia. Kuanzia siku hiyo, kwake litakuwa nayo. Je, unaweza kuishi na salamu yake ya asubuhi baada ya hapo? Labda unaweza. Watu wengi huishi na mazito zaidi. Mimi nataka tu uione siku ile yenyewe, meza, karatasi na mzee akiisoma, kabla hujaichagua.

Rafiki yako anasema andika barua kwa wote. Naipenda roho yake, lakini naihofia barua. Ukiwaambia wauzaji kwamba wanadai kabla mwenye duka hajajua, umemfungia mjomba mlango wa kutokea. Atalipa kwa kulazimishwa au atakataa kwa kiburi, na vyovyote atakavyofanya atasema umemvua nguo mbele ya watu wake. Milioni tatu hivi za wauzaji si pesa ya kuangusha duka kama lenu, lakini heshima iliyoanguka sokoni Arua haiokotwi kwa milioni tatu. Upande mwingine, njia hii ina kitu ambacho nyingine hazina: hakuna anayeweza kuizima kimya kimya.

Kuna njia ya kwenda kwa mjomba kwanza, wewe na yeye tu. Unaiogopa, na hofu yako naiheshimu. Ila nikuulize: anapokusifu mbele ya wageni, anasifu nini? Umeandika "kodi haijawahi kunishtua." Naona hapo mtu aliyewahi kushtuliwa. Yaani anachopenda kwako huenda si kwamba hukosei, bali kwamba analala bila kujiuliza kesho kuna nini. Kama ndivyo, habari mbaya anayoletewa na wewe, ikiwa na hesabu zake zimepangwa, bado ni ile ile kazi anayokusifia. Habari hiyo hiyo akiletewa na mtu mwingine ndiyo itakayomshtua. Lakini mimi simjui mjomba wako. Yuko mjomba anayesikiliza na yuko anayepiga meza, na yuko anayepiga meza leo akasikiliza kesho. Wa kwako ni yupi? Amewahi kukosewa na mtu wa nyumbani? Alifanyaje? Jibu lako liko kwenye kumbukumbu hiyo kuliko kwenye maneno yangu.

Ukichagua kwenda, usiende na machozi peke yake. Wakati utakapomwambia, naona ni bora asubuhi kabla duka halijafunguliwa kuliko jioni akiwa amechoka, na isiwe mbele ya mke wake wala ya mama. Weka mbele yake risiti moja, ile ya 1,180,000, na kalkuleta. Mwache aipige mwenyewe. Mtu akigundua hesabu kwa vidole vyake hasira hupata mahali pa kukaa. Halafu karatasi moja tu: wauzaji wanadai kiasi gani, mashirika yamelipa pungufu kiasi gani, akaunti ya kodi haswa ina kiasi gani. Usimpangie alipe lini. Lakini naomba uwe umeamua moyoni mwako, kabla hujaingia, utafanya nini akisema, "Rekebisha, usiwaambie." Hilo linaweza kutokea. Hapo utakuwa umetoka kwenye kosa lako na kuingia kwenye amri yake, na ni mahali pagumu zaidi kuliko ulipo leo. Wapo wanaokubali wakimwachia mwenye mali dhamana yake. Wapo wanaosema, "Mjomba, miezi ijayo nitawahesabia sawa, lakini wakiniuliza ya nyuma sitawadanganya." Na wapo wanaoaga. Kila mmoja ana mdogo wake wa kusomesha.

Jambo la makubaliano pia likumbuke, kwa sababu mjomba anaweza kulitaja. "Kabla ya kodi" iliandikwa popote, au ilisemwa tu kwa mdomo? Ikiwa ni ya mdomo, anaweza kudai alimaanisha ile hesabu ya karatasi yako, kwa kuwa wote waliisaini miezi 20. Sidhani ni hoja ya haki. Lakini ni hoja, na ni vizuri isikukute umesimama mikono mitupu.

Unawaza kulipa kutoka mfukoni mwako? Hukuniandikia, ila mtu mwenye aibu ya namna hii huwa ameshaliwaza. Pesa hiyo haikuingia kwako. Ukiilipa wewe, deni la duka limelipwa na karani, na mjomba bado hajui bei za mashirika zina tundu.

Nimeacha la mwisho makusudi, kwa sababu naona wewe ulilipitia haraka. Katika yote uliyoandika, kosa la hesabu halikuwa na nia. Yale maneno ya darasa la saba yalikuwa nayo, hata kama ni nia ya nusu dakika. Umeandika mistari mingi juu ya asilimia, na juu ya kumwomba Baba Amina radhi hukuandika hata mmoja. Umeliunganisha na pesa, kana kwamba huwezi kumwomba msamaha mpaka mjomba akubali kulipa. Ni kweli vimeungana? Mtu anaweza kwenda kwa mzee na kusema, "Baba, siku ile nilikujibu vibaya mbele za watu. Nimekosa adabu." Hapo hujamwambia anadai kiasi gani, hujamzunguka mjomba. Hatari yake ni kwamba anaweza kukuuliza papo hapo: "Na hesabu?" Basi ungekuwa na jibu la kweli lililo fupi: "Naiangalia tena, na nitakurudia." Hapo umejifunga, sawa. Labda kujifunga kidogo ndiko unakokuhitaji, au labda ni mapema mno. Lakini mzee aliyetukanwa mbele ya wateja, akaendelea kukusalimu kila asubuhi, huenda hanyamazi kwa sababu ya hasira. Huenda anakusubiri.

Siku tisa si nyingi, lakini zinatosha kutenga jumla, kukutana na mshauri wa kodi, na kulala usiku mmoja mzima kabla ya kuongea na mtu yeyote. Niandikie ukishajua ile hesabu ya mashirika imefikia ngapi; nina hamu ya kweli ya kuiona. Na yule wa Koboko, namba yake ya simu bado unayo?